Kwadi ya zamani inakufa mlimani, nianze kuiongezea nguvu wapi kwa laki tano?

#1 Shamba_Elgon
Wadau salaam. Nina kwadi, ile pikipiki ya tairi nne, Honda FourTrax 300 ya 4x4 ya miaka ya tisini, niliitoa kwa jamaa mmoja Jinja aliyekuwa anabebea mbolea. Mimi niko juu ya Kapchorwa mjini kidogo, mlima Elgon hapa Uganda. Kazi yake ni maziwa asubuhi, viazi na mahindi msimu ukifika, na kahawa kuiteremsha mpaka kwenye lami. Lami ya Suam tunaishukuru, lakini ukiiacha hatua chache tu unarudi kwenye udongo ule ule mwekundu na mvua ikipiga ni utelezi mtupu.

Shida ni mlima. Tambarare inakimbia vizuri, ikianza kupanda na mzigo gia ya tatu inakufa, ya pili inalalamika, naishia ya kwanza injini inapiga kelele na mwendo ni wa mtu anayetembea. Nilifunga tairi za inchi 26 kwa ajili ya matope, za nyuma zilizokuja nayo zilikuwa 24. Plagi nikiitoa ni nyeusi. Fundi wa hapa kaniambia nitoe silensa nifunge bomba wazi, nitoe boksi la filta nifunge filta ya koni, halafu CDI (kile kiboksi cha umeme wa kuwasha plagi) ya resi, ati itapanda mpaka juu kwa gia ya nne. Nina shilingi laki tano tu. Nianze na ipi kati ya hizo tatu? Nikichagua vibaya sina nyingine mpaka kahawa iuzwe.

#2 FundiWaNjeru
Karibu ssebo (bwana). Usianze na hata moja kati ya hizo tatu.

Hiyo injini naifahamu vizuri, Honda walianza kuitoa 1988 wakaendelea nayo mpaka 2000, silinda moja, pistoni ya milimita 74 na mwendo wake wa kupanda na kushuka milimita 65.5, ndiyo inakupa hizo cc 282. Imetengenezwa kuvuta ikiwa mizunguko ya chini. Sasa bomba wazi na CDI ya resi vinafanya kazi injini ikizunguka sana huko juu, mahali ambapo wewe na debe zako za maziwa hamfiki. Ukifungua bomba unapata kelele na ile nguvu ya chini unayoihitaji mlimani ndiyo inapungua. CDI ya resi inachofanya zaidi ni kuondoa kizuizi cha mizunguko, sasa wewe unalia gia ya tatu inakufa, kizuizi hujakifika hata siku moja, unakiondoa cha nini?

Filta ya koni ndiyo mbaya kuliko zote. Vumbi la Januari huko kwenu unalijua. Ile sponji ya ndani ya boksi ikioshwa vizuri na kupakwa oili inashika vumbi, koni ya bei rahisi inapitisha, na vumbi likiingia linasaga ringi za pistoni kimya kimya, unakuja kushtuka inakula oili.

Kabla hujanunua chochote fanya haya: osha filta, kagua tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa baridi kabisa, pima kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda), angalia breki kama zinashika. Halafu rudi utuambie.

#3 BodaMbale
Fundi hapo kwa bomba nakataa. Boxer yangu, pikipiki ya boda, nilitoa silensa nikafunga bomba fupi na inavuta kuliko mwanzo, wenzangu wa stendi wote wameona. Usimvunje mtu moyo.

#4 FundiWaNjeru
@BodaMbale inawezekana kabisa silensa yako ya kwanza ilikuwa imeziba masizi, hata ungeweka silensa mpya ile ile ya kiwandani ungeona tofauti hiyo hiyo. Na hapo kuna kitu cha bure kwa mwenye uzi: silensa za hizi kwadi zina wavu wa kuzuia cheche, na nyingi zina kifuniko au bolti ndogo ya kusafishia. Unafungua, unawasha, unavuta moto mara kadhaa, masizi yanatoka yenyewe. Fanya nje na mbali na nyasi kavu, hizo ni cheche kweli.

#5 KaseseMlimani
Mimi niko chini ya Rwenzori huku na ugonjwa huu naujua kwa jina. Ni mwinuko. Kapchorwa iko kama mita 1,800 na kidogo, hewa huko ni nyembamba, injini inakosa pumzi. Dawa ni jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, ili ipate mafuta zaidi ya kufidia. Jeti ni kitu kidogo cha bei ndogo, hamna sababu ya kuzunguka.

#6 Laba_wa_Kyambogo
@KaseseMlimani ugonjwa huenda umeupatia ila dawa umeigeuza ndugu yangu. Hewa ikipungua na mafuta nayo yanatakiwa yapungue, yaani jeti NDOGO. Ukiweka kubwa unaizamisha. Na plagi yake nyeusi inasema hivyo hivyo, mafuta tayari yamezidi hewa. Kanuni inayotumika ni kwamba kila ukipanda mita 300 injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu, na hiyo hairudi kwa jeti yoyote. Jeti inarudisha tu ile ya ziada uliyopoteza kwa mchanganyiko mbaya.

Pia kabla ya jeti kuna sindano ya kupimia mafuta, kwenye kabureta nyingi ina mifereji na kiklipu. Kupandisha kiklipu mfereji mmoja kunashusha sindano, mafuta yanapungua katikati ya throto (ukiwa umevuta moto nusu), na ni bure. Ila usipunguze mpaka plagi iwe nyeupe, hiyo ni injini ya kupoozwa na hewa, ikikosa mafuta ikiwa mlimani na mzigo inachemka na pistoni inaweza kushika. Rangi unayoitafuta ni kahawia.

#7 KaseseMlimani
Asante @Laba kwa kunisahihisha hapo kwa jeti. Lakini mwinuko bado nashikilia ndio chanzo.

#8 FundiWaNjeru
Hesabu haikubali Kasese. Hii kwadi imetoka Jinja, na Jinja si Mombasa, iko mita 1,100 na ushee tayari. Kwenda Kapchorwa umeongeza kama mita 700, kwa kanuni ya Laba ni asilimia 7. Asilimia 7 haiui gia ya tatu. Kuna kitu kingine kinakula nguvu.

#9 NdeebaSpea
Kitu kingine hicho mwenyewe ameshakitaja na mmekiruka, TAIRI. Kutoka 24 kwenda 26 ni kipenyo kimeongezeka asilimia 8 na kidogo. Maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia hiyo hiyo, gia ya pili yako sasa inaanza kuifuata tatu. Tena tairi kubwa ni nzito na uzito huo injini inabidi iuzungushe. Weka 8 ya tairi juu ya 7 ya mlima una asilimia 15 hapo, na bado hujapakia hata kopo.

Halafu swali, @Shamba_Elgon hizo 26 umefunga zote nne sawa? Kwa sababu FourTrax ya 4x4 inavuta mbele na nyuma muda wote, haina kitufe cha kuzima mbele. Mbele na nyuma vimeunganishwa, kwa hiyo uwiano wa kipenyo cha tairi za mbele na za nyuma lazima ubaki ule wa kiwandani. Ukiuvuruga mfumo unavutana wenyewe kwa wenyewe, kwenye matope hausikii, kwenye lami au murramu kavu unakula nguvu na kuua gia za mbele. Soma saizi kwenye kitabu au kibandiko, usiamini tairi zilizokuja nayo, nazo huenda zilibadilishwa.

Uzuri wake ni kwamba kuuza 26 na kurudi saizi ya kiwandani hakukuli laki tano yako. Mimi naita hiyo ndiyo apgredi ya kwanza.

#10 Shamba_Elgon
Duh asanteni sana, sikutegemea majibu mengi hivi. @NdeebaSpea ndiyo zote nne ni 26. Za mbele zilikuwa ndogo kuliko za nyuma kweli. Lakini nikirudi 24 matope ya mwezi wa nane nitayapitaje? Tumbo litaburuza.

#11 MamaKahawa_Bududa
Kaka pole na kazi. Mimi nina ya Yamaha, sio Honda, ila mazingira ni mamoja, mlima ni ule ule upande wa pili. Matope hayavukwi kwa tairi kubwa peke yake, yanavukwa kwa upepo mdogo ndani ya tairi. Umejaza kiasi gani? Hapa vijana walinijazia kama ya boda na ikawa inarukaruka na kuteleza. Tairi za kwadi zinataka presha ya pauni 3 mpaka 5 (psi) tu, zilale chini zishike. Geji ya petroli stesheni haisomi huko chini, nyingi zinaanza kueleweka kwenye 10, tafuta ile geji ndogo ya presha ya chini.

La pili ni breki. Zetu ziliingiwa na matope kwenye dramu, yakakauka, breki ikawa inashika kidogo kidogo mimi sijui, nasema tu mashine imezeeka. Niligundua nilipogusa ringi ya gurudumu nikaunguza kidole. Inua gurudumu moja moja uzungushe kwa mkono. Likikataa umepata mwizi wako.

Na la tatu usinikasirikie. Unabeba kiasi gani?

#12 BusiaMpakani
Wote mnahangaika na vyuma, je petroli? Kuna petroli iliyochanganywa mafuta ya taa na ukiweka hiyo hata tairi za baiskeli hazitakusaidia. UNBS, wale wa viwango vya Uganda, wanaweka alama kwenye mafuta halali na wanapita kupima stesheni, wale wa chupa na jerikani za barabarani hawapimwi na mtu. Huko juu milimani wengi wananunua kwa jerikani. Plagi nyeusi na injini kugonga ikipanda ni dalili.

#13 Shamba_Elgon
@MamaKahawa_Bududa dada nisikufiche, nyuma madebe manne ya lita 20 na mbele gunia dogo. Na mimi mwenyewe sio mwembamba.
@BusiaMpakani petroli nachukua stesheni mjini, ila kweli naihifadhi kwenye jerikani nyumbani.

#14 MamaKahawa_Bududa
Madebe manne ni kilo 80 na zaidi kaka, maziwa ni mazito kuliko maji kidogo. Keria ya hiyo Honda ina kibandiko, kwa ninavyojua ni kilo 60 nyuma na 30 mbele. Umezidisha kabla hujakaa. Na hatari si nguvu tu, uzito ukiwa nyuma na juu kwenye mteremko mkali mbele inanyanyuka. Tafadhali fikiria trela ndogo, mchomeleaji yeyote mzuri anaitengeneza kwa ekseli ya gari bovu, uzito unakaa chini na wewe unabaki na uhai wako.

#15 BodaMbale
Kapchorwa nyie mna shida gani na mlima, si huko kwenu ndiko anatoka mkimbiaji Cheptegei, dhahabu ya mita elfu kumi Paris hapo. Mpe madebe apandishe 😂

#16 Shamba_Elgon
😂😂 Cheptegei tunamhitaji kwenye kiwanja, maziwa tutabeba sisi. Trela nimeielewa dada, asante.

#17 MzeeWaOili
Vijana mnapita pembeni. Soma tena alichoandika, "injini inapiga kelele na mwendo ni wa mtu anayetembea". Injini ikikosa nguvu inalegea, inazama, inazima. Injini inayopiga kelele wakati gurudumu haliendi, hiyo nguvu ipo ila haifiki chini. Ni KLACHI inateleza.

Hizi Honda hazina leva ya klachi mkononi lakini klachi zipo mbili ndani, moja ya kujishika yenyewe ukivuta moto, na nyingine ya kubadilisha gia unapokanyaga. Zote zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Sasa mtu akimwaga oili ya gari, zile nyepesi zenye dawa ya kupunguza msuguano, sahani zinateleza. Kwenye chupa tafuta JASO MA au MA2, ndiyo ya klachi ya kwenye oili. JASO MB iache, ni ya skuta. Umeweka oili gani kijana wangu?

Na kabla hujafungua injini, kwenye kava ya injini nje kuna skrubu ya kuseti klachi na nati yake ya kufungia. Unalegeza nati, unazungusha skrubu mpaka uhisi imegusa kitu, unarudisha robo mzunguko, unafunga nati. Upande wa kuanzia kuzungusha ufuate kitabu cha mashine yako. Ni bure, spana na bisibisi tu.

#18 Laba_wa_Kyambogo
Nakubaliana na mzee kwa sehemu kubwa, nyongeza moja tu. Si kila oili ya gari ina hiyo dawa. Zile nzito kama 20W-50, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu, mara nyingi hazina, maandishi ya kuokoa nishati yanakuwa kwenye nyepesi kama 5W-30. Kwa hiyo akisema ameweka 20W-50 ya gari tusikimbilie kuhukumu oili, sahani zenyewe zinaweza kuwa zimeisha au springi zimelegea.

#19 MzeeWaOili
Sawa mwalimu, ila ya pikipiki bado ni bora kwa pikipiki.

#20 KaterezaKla
Mimi niko Kampala na ningekuwa wewe ningefungua injini moja kwa moja nipige ribo (kuchonga silinda iwe pana) niweke pistoni kubwa, umalize kelele zote za jeti na tairi. Cc zikipanda nguvu inapanda, mlima ni mlima tu.

#21 FundiWaNjeru
@KaterezaKla tupige hesabu. Pistoni za ovasaizi zinazopatikana kirahisi zinaenda kwa robo robo ya milimita mpaka milimita moja. Ukitoka 74 kwenda 75, mwendo ukabaki ule ule, unapata cc 289. Ni saba tu zimeongezeka, hata asilimia 3 haifiki. Ribo inafanywa kwa sababu silinda imeliwa, na hapo unapata kompresheni yako iliyopotea, hiyo kweli utaihisi. Lakini cc zenyewe hazikupandishi mlima.

Ndiyo maana nilisema apime kompresheni kwanza. Injini iwe imepashwa moto, plagi nje, geji mahali pake, throto wazi mpaka mwisho, piga stata mpaka sindano ya geji isimame. Andika namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, tafuta kwenye valvu, na hapo tena narudi kwa tapeti. Valvu ikiliwa kwenye kiti chake inapanda juu na nafasi ya tapeti inaisha, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja ikiwa moto, na mtu ataapa kwamba ni ringi. Kuseti tapeti ni kazi ya asubuhi moja. Geji za vipande vya bati zinauzwa kwenye maduka ya spea ya Kisekka na Katwe, Kampala, kila kona.

#22 AruaKaribu
Huku Arua kwadi za Kichina ndiyo nyingi na sisi dawa yetu ya mlima ni rola, vile vizito vidogo vya kwenye puli ya mkanda. Unafungua kava ya mkanda unatoa rola zilizopo unaweka nyepesi zaidi, injini inapanda mizunguko mapema, kupanda inakuwa raha ila mwendo wa tambarare unapungua kidogo. Kwa zile injini za skuta za GY6 za cc 150 rola ni milimita 18 kwa 14, zinapatikana popote pana skuta. Elgon jaribu hiyo ni rahisi mno.

#23 NdeebaSpea
@AruaKaribu dawa nzuri kwa mgonjwa mwingine, Honda hii haina mkanda wala rola, ina gia na shafti. Hata sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) haina, ndiyo maana gia fupi unaipata kwa tairi ndogo tu. Mwenye Boxer anabadilisha sproketi ya nyuma kwa pesa ya chai, wa shafti hana mlango huo.

#24 AruaKaribu
Ahaa. Basi wenye mkanda mnaopita hapa chukueni hiyo.

#25 Shamba_Elgon
Wakuu nimerudi. Nimefanya zile za bure zote, kijana wangu wa shule amenisaidia.

Filta, sponji ilikuwa imejaa udongo mpaka imekuwa ngumu. Imeoshwa na kupakwa oili. Silensa nimefungua, imetoa masizi meusi mpaka jirani akaja kuuliza. Upepo wa tairi ulikuwa 20, nimeshusha. Breki ya mbele kulia inashika kidogo, dramu nimesafisha sasa inazunguka vizuri. Oili iliyokuwemo ni 20W-50 ya gari kama Laba alivyosema, nimemwaga nimeweka ya pikipiki yenye MA. Klachi nimeseti kwa ile skrubu.

Sasa gia ya pili inapanda na madebe mawili bila kulalamika, na ile kelele ya kuzunguka bure imepungua sana. Lakini gia ya tatu bado inazama. Haipigi kelele tena, inazama. Plagi sijaiangalia upya.

#26 MzeeWaOili
Umeona sasa. Klachi ilikuwa sehemu kubwa.

#27 MamaKahawa_Bududa
Au madebe mawili badala ya manne 😊 hongera sana kaka kwa kusikia.

#28 NdeebaSpea
Kwa mlima wenu gia ya tatu haikupangwa kwa 26. Itazama mpaka ushushe tairi.

#29 KaseseMlimani
Kuzama bila kelele ni mchanganyiko jamani. Hiyo ndiyo ile ya kwangu, mafuta yamezidi hewa. Sasa filta imesafishwa hewa imeongezeka ndiyo maana ya pili imekubali. Shusha sindano mfereji mmoja uone tatu itakuja.

#30 Laba_wa_Kyambogo
Kasese safari hii dawa yako nimeipenda. Nyongeza, kama kabureta yako ni ile yenye kofia pana juu, ndani kuna diafragmu ya mpira. Ifungue taratibu uinue diafragmu uiangalie kwa mwanga wa jua. Kitundu kidogo kama cha sindano ya kushonea kinatosha, kile kipande kinachobeba sindano ya kabureta kinashindwa kupanda juu, injini inakataa kuvuta baada ya nusu throto, na dalili yake ndiyo hiyo ya kuzama. Usiisafishe kwa petroli wala dawa ya kabureta, mpira unavimba.

Na angalia mpira unaounganisha kabureta na injini kama una nyufa. Injini ikiwa imewashwa nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira huo, mlio ukibadilika kuna hewa inaingia. Ingawa hewa ya pembeni ingeleta plagi nyeupe, si nyeusi, kwa hiyo hapo sina uhakika nako sana kwa kesi yako.

#31 BusiaMpakani
Na petroli ya jerikani mmeipita hivi hivi. Mwaga yote kwenye tangi, weka ya siku hiyo hiyo kutoka pampu, ujaribu mlima ule ule na mzigo ule ule. Msipofanya hivyo mtasifu sindano bure.

#32 FundiWaNjeru
Kazi nzuri @Shamba_Elgon. Ningekuomba usibadilishe vitu viwili kwa pamoja kuanzia sasa. Kimoja, mlima, andika. Kingine, mlima, andika. Kompresheni na tapeti bado hujatuambia, na hivyo ndivyo nilivyokuwa navisubiri. Kuhusu kabureta, usije ukashawishika kununua mpya ya bei ya kutupa inayofanana na ya zamani, jeti za ndani mara nyingi si zile za injini yako na hupati za kubadilisha. Ya asili ikisafishwa vizuri, kitundu kwa kitundu, ina miaka mingi mbele.

Laki tano yako nafikiri haijaguswa bado?

#33 Shamba_Elgon
Imeguswa kwa oili tu na geji ya upepo. Jumamosi napata geji ya kompresheni ya kuazima kwa jamaa wa Mbale. Diafragmu nitaangalia kesho. Tairi kusema ukweli bado zinaniuma, nilizipenda.

#34 NdeebaSpea
Uziuze kwa watu wa tambarare, Soroti huko watazipokea. Ukiwa tayari niandikie inbox nikutafutie mtu wa kubadilishana.

#35 GuluMgeni
Samahani kuingilia uzi, nimesoma wote mpaka hapa. Yangu ni Yamaha Grizzly 350, ya mkanda. Nikivuka mto mdogo inapoteza nguvu kabisa, injini inazunguka mashine haiendi, nikikaa kidogo inarudi. Ni klachi na mimi?

#36 FundiWaNjeru
@GuluMgeni yako ni maji kwenye boksi la mkanda, mkanda ukilowa unateleza kwenye puli. Chini ya kava ya mkanda kuna plagi ya kumwagia maji, fungua, yakitoka yote weka nyutro uvute moto taratibu mpaka ukauke. Halafu fuata mipira ya kupitishia hewa ya hilo boksi mpaka mwisho wake, utakuta mmoja umetoka au umepasuka. Na mkanda ukishaungua mara moja unang'aa pembeni, upime upana wake kwenye kitabu kabla ya kurudi mtoni.

#37 GuluMgeni
Mpira mmoja hauko kabisa mahali pake. Asante fundi, naenda kuufunga.